Uvira: listi isiyonyooka inamnyima mtu haki yake

Mjini Uvira, karibu kila msaada unaanza na listi. Mto Mulongwe ukifurika, shefu wa avenyu anaombwa listi ya nyumba zilizobomoka. Ziwa Tanganyika likipanda na kumeza nyumba za kandokando, shefu huyo huyo anaombwa listi ya familia zilizohama. Kipindupindu kikirudi, muuguzi anaombwa listi ya wagonjwa. Vita vikisukuma watu kutoka Uwanda wa Ruzizi, kamati ya wahamishwa inaombwa listi kabla hata sufuria ya kwanza haijawekwa motoni.

Na siku ya ugawaji haikosi mama anayesimama mbele ya meza, jetoni mkononi, akiambiwa kwamba jina lake halionekani. Wakati mwingine kweli halikuandikwa. Wakati mwingine lilifutwa na mtu mwenye nia mbaya, na hilo ni jambo la korti. Lakini kuna sababu ya tatu ambayo haizungumzwi sana: jina lipo, ila limeteleza. Limetoka katika kolone yake na kuingia kolone ya jirani. Postnom imekaa mahali pa prénom, umri umekaa mahali pa idadi ya watoto, nambari ya simu imepoteza tarakimu moja. Anayesoma listi haraka hamwoni tena mtu huyo. Mashine inayosoma listi haimwoni kabisa.

Watu wengi wanalichukua jambo hili kama kosa dogo la karani. Ni kosa kubwa. Katika mji ambao chakula, hema na pesa za msaada vinapita kwanza kwenye karatasi, kupanga maandishi katika kolone zilizonyooka ni sehemu ya haki ya raia. Na kinachosikitisha zaidi ni kwamba dawa yake haigharimu kitu. Ordinatere ya zamani inatosha, bila intaneti na bila leseni ya kulipia, kupitia lile dirisha jeusi la maandishi linaloitwa terminali. Walioko kwenye biro wanalipita kila siku bila kulifungua.

Kolone mbili zilizosema ukweli juu ya maji

Asiyeamini nguvu ya kolone aangalie kilichotokea na kipindupindu cha Uvira.

Mama anayeshuka ziwani na bidoni kichwani siku bomba imekauka hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba maji hayo yanaweza kuleta ugonjwa. Wakaaji wanajua. Lakini neno la mkaaji, hata likirudiwa mara mia, linabaki neno tu mbele ya mfadhili au waziri. Ili lisikilizwe, lilihitaji kusimama katika kolone.

Mjini kulikuwa na madaftari mawili ambayo hayakuwa yamekutana. La kwanza lilikuwa la kituo cha matibabu ya kipindupindu: kila siku, idadi ya watu walioingia. La pili lilikuwa la Regideso: kila siku, kiasi cha maji yaliyotumwa mjini. Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzao wa Kongo walichukua hesabu za miaka 6, kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando kwa kando, tarehe kwa tarehe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLOS Medicine. Katika siku 12 zinazofuata siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili. Na karibu robo ya wote waliolazwa, asilimia 23 hivi, walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Hesabu za watafiti zilikuwa ngumu, lakini zilisimama juu ya kazi ya watu wa kawaida. Kulikuwa na muuguzi aliyeandika tarehe katika kolone ya tarehe hata siku ambayo vitanda vilijaa. Kulikuwa na mfanyakazi wa Regideso aliyeandika kiasi cha maji hata siku ambayo mashine ilizimwa kwa kukosa umeme, na siku hiyo aliandika sifuri. Kama sifuri hiyo ingeachwa wazi, na mstari wa kesho ukapanda mahali pake, kila kitu kingeteleza siku moja. Baada ya wiki chache za kuteleza hivyo, kolone mbili zisingeongea tena lugha moja, na mama wa bidoni angebaki na neno lake tu.

Daftari lenye kolone safi limetetea wakaaji wa Uvira kuliko hotuba nyingi. Daftari baya lingewanyamazisha.

Kwa nini majina ya Wakongomani yanavunja listi

Listi ya majina ni ngumu kuliko listi ya maji, na kwa Mkongomani ni ngumu zaidi.

Programu nyingi za ordinatere zilitengenezwa na watu wenye majina mawili: la mtu na la familia. Mkongomani ana jina, postnom na prénom. Mpango huo una historia yake. Mwaka 1972, Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo kwa jina la uhalisi wa Kiafrika, na postnom ikapata nafasi kubwa. Baadaye prénom zilirudi, na postnom haikuondoka. Leo fomu nyingi zina nafasi tatu za majina.

Lakini watu si fomu. Kuna mwenye postnom ya maneno mawili. Kuna mzee asiye na prénom. Kuna familia za Kiislamu ambazo majina yao yana "bin" au "binti" katikati. Kuna mtoto aliyezaliwa njiani wakati wa kukimbia, ambaye ana jina moja tu hadi leo. Mwandishi wa listi akitenganisha majina kwa nafasi tupu peke yake, ordinatere haiwezi kujua neno gani ni postnom na lipi ni mwanzo wa prénom. Inahesabu maneno tu. Mwenye maneno manne anasukuma umri wake mbele, mwenye maneno mawili anavuta umri wake nyuma. Kwenye mstari wa kumi, mtoto wa miaka 7 anaonekana kuwa na watoto 34.

Kisha kuna nukta na alama za Kifaransa. Espérance, Noëlla, Aimé, Béatrice: majina haya yamejaa katika kila kartie, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu. Ndani ya ordinatere, herufi "é" inachukua nafasi mbili za kumbukumbu, wakati "e" ya kawaida inachukua moja. Baadhi ya amri za zamani, kama printf ndani ya programu ya bash, zinahesabu nafasi hizo za kumbukumbu badala ya herufi zenyewe. Matokeo yake, mstari wa Espérance unarudi nyuma hatua moja, na mstari wa Noëlla vilevile, huku mstari wa Maombi ukibaki umenyooka. Asiyejua sababu anafikiri mashine imeharibika. Anaongeza nafasi kwa mkono, na kesho mtu mwingine anaifungua faili hiyo kwenye ordinatere nyingine na kuikuta imepinda zaidi.

Kitufe cha Tab nacho kina mtego wake. Kimerithi kazi kutoka kwa mashine za zamani za kupiga chapa: kinaruka hadi kwenye kituo kinachofuata, na katika terminali vituo hivyo viko kila baada ya herufi 8. Jina la herufi 6 na jina la herufi 7 vitasimama pamoja vizuri. Jina la herufi 9 litaruka kituo kimoja mbele, na kila kinachofuata kitaruka nalo.

Mwisho, kuna simu. Listi nyingi za Uvira leo hazisafiri kwa karatasi. Zinasafiri kwa WhatsApp. Shefu wa avenyu anazipanga vizuri kwa nafasi tupu, anazituma, na kwenye simu ya anayepokea zimekuwa kama nyavu zilizopigwa na upepo. Sababu ni maumbo ya herufi: katika ujumbe wa kawaida, "i" ni nyembamba na "m" ni pana, kwa hiyo nafasi kumi za mtu mmoja si sawa na nafasi kumi za mwingine. Terminali haina shida hiyo, kwa sababu ndani yake kila herufi ina upana mmoja.

Dirisha jeusi linafanya nini

Terminali inawaogofya watu kwa sababu ya sinema, ambako wezi wa mitandao huandika humo kwa kasi. Kwa kweli ni chombo cha makarani. Kadi za karatasi ambazo kampuni ya IBM ilianza kuzitoboa mwaka 1928 kwa ajili ya hesabu za maofisi na za sensa zilikuwa na kolone 80. Miaka 50 baadaye, mwaka 1978, terminali maarufu ya VT100 ilitoka na mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, na mpaka leo madirisha mengi ya terminali yanafunguka kwa upana huo. Ukoo wake ni wa listi, mishahara na hesabu za watu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kanuni ya kwanza: anayeandika asijaribu kunyoosha kolone kwa macho. Aandike kila mtu kwenye mstari wake, na kati ya kitu na kitu aweke alama moja isiyopatikana ndani ya majina. Alama nzuri ni mstari wa wima, huu: |. Jina, alama, postnom, alama, prénom, alama, mwaka wa kuzaliwa, alama, avenyu. Asiye na prénom asirukwe. Aandikiwe kistari kimoja, ili nafasi yake ibaki. Hapo "bin" na postnom ya maneno mawili havisumbui tena, kwa sababu nafasi tupu haitenganishi chochote.

Kanuni ya pili: kunyoosha kunaachiwa mashine. Katika ordinatere yenye Linux, amri moja inatosha:

column -t -s '|' listi.txt

Amri hiyo inapitia faili nzima, inatafuta neno refu kuliko yote katika kila kolone, kisha inasogeza mengine yote yalingane nalo. Mistari 20 au 5.000, kwake ni kazi moja. Hata Espérance na Noëlla wanasimama sawa, kwa sababu programu hiyo katika matoleo ya sasa inahesabu herufi kama jicho linavyoziona. Faili yenyewe haibadiliki. Ni picha yake tu inayotoka imenyooka, tayari kuchapishwa na kubandikwa.

Kanuni ya tatu inatoka shule ya msingi. Kila mtoto aliyefundishwa kujumlisha aliambiwa aweke mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Majina yanaanzia kushoto, lakini hesabu lazima ziishie kulia. Magunia 9, 10 na 100 yakianzia kushoto, jicho linaona 9 juu ya 1 na kufikiri ni kubwa. Katika matoleo mapya ya column, kuongeza -R na nambari ya kolone kunasukuma hesabu zake kulia. Kosa la sifuri moja kwenye kiasi cha faranga linaonekana mara moja, kwa sababu linatokeza nje ya mstari kama jino lililopinda.

Kanuni ya nne ni ya tarehe. Tarehe 04/05/2020 ni siku gani? Kwa Mkongomani ni tarehe 4 mwezi wa 5. Kwa programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani ni tarehe 5 mwezi wa 4. Ikiandikwa 2020-05-04, mwaka mbele, haina ubishi. Tena ina upana uleule kila siku, na ukipanga mistari kwa alfabeti inajipanga yenyewe kwa wakati. Hivyo hivyo kolone ya jinsia: M ya Kifaransa ni mwanaume, lakini karani anayefikiri kwa Kiswahili anaweza kuandika M kwa mwanamke. Listi iseme juu kabisa herufi hizo zina maana gani.

Na kwa WhatsApp kuna njia pia. Maandishi yakiwekwa kati ya alama tatu za mkwaju mdogo, hizi: ```, mbele na nyuma, simu inayaonyesha kwa herufi za upana mmoja, na kolone zinashikilia. Sharti ni kwamba mstari uwe mfupi, maana kioo cha simu ni chembamba. Kolone tatu zinaingia, saba zitakunjika.

"Tuna Excel tayari"

Kutakuwa na wa kupinga. Wa kwanza atasema: Excel ipo, KoboToolbox ipo, mashirika yana mashine zao, terminali ya nini?

Jibu la kwanza linahusu nambari za simu. Msaada mwingi siku hizi unalipwa kwa simu, kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Nambari za Kongo zinaanza na sifuri. Katika Excel, nambari ikiandikwa bila kuiambia programu kwamba hayo ni maandishi, sifuri ya mbele inafutwa kimyakimya. Anayejaribu kuirudisha kwa haraka anaweza kukosea tarakimu, na pesa za mjane zikaingia kwenye simu ya mtu asiyemjua. Katika faili ya maandishi matupu, kilichoandikwa ndicho kinachobaki.

Jibu la pili linahusu hali ya mji. Umeme wa Uvira unakuja na kuondoka. Vifurushi vya intaneti ni ghali kwa mtu ambaye mshahara wake umechelewa. Faili ya maandishi yenye majina elfu ni nyepesi kuliko picha moja ya simu, na inafunguka kwenye mashine yoyote. Mashine ya miaka 15 inayoshindwa kubeba programu mpya inaweza kuendesha terminali bila kulalamika.

Jibu la tatu ndilo kubwa. Mashirika yanapokuja na mashine zao, yanaondoka nazo. Listi ya wakaaji inabaki Goma, Nairobi au Geneva, na shefu wa kartie anabaki na karatasi iliyolowa. Mafuriko mapya yakija, anaanza upya. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilipofurika, makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika na mitambo ya maji iliguswa. Ziwa nalo likapanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024. Familia moja inaweza kuwa imeandikwa mara tatu na watu watatu, bila kolone moja inayounganisha listi hizo. Kartie inayotunza faili yake yenyewe, iliyopangwa kwa namna moja tangu mwanzo, inaweza kulinganisha: nani alihama mwaka 2020, nani akahama tena, nani hakupata kitu mara zote.

Wa pili kupinga atasema jambo zito zaidi: listi ni hatari. Katika mkoa huu wa vita hana kosa. Listi yenye majina, avenyu na asili ya watu, ikianguka mikononi mwa wenye silaha, inaweza kuwa listi ya kifo. Mwaka 2025, vita vilipowapeleka maelfu ya watu ng'ambo ya Ruzizi hadi Burundi, wako walioogopa hata kutoa jina kamili. Hofu hiyo inastahili heshima.

Lakini hofu hiyo ndiyo sababu ya kupanga vizuri. Katika listi iliyochanganyika, jina, simu na avenyu vimeshikana kama ndagala waliokauka pamoja. Huwezi kutoa kimoja bila kuvuta vyote. Kwa hiyo listi nzima inabandikwa ukutani, au inatumwa kwenye kundi la watu 200. Katika listi yenye kolone, kila kitu kiko peke yake. Amri inayoitwa cut inatoa kolone zinazotakiwa na kuacha nyingine. Ukutani panabandikwa nambari ya jetoni na saa ya kupokea, basi. Majina yanabaki kwenye faili moja, kwa mtu mmoja anayejulikana, chini ya neno la siri. Na kolone ya kabila, ambayo haina kazi yoyote katika kugawa unga wa muhogo, isiandikwe tangu mwanzo.

Nani afanye nini

Lawama haiwezi kutupwa juu ya shefu wa avenyu peke yake. Yeye halipwi kwa kazi ya ukarani, wala hakufundishwa. Anaandika usiku, kwa mwanga wa simu, huku watu wakimzunguka. Wanaoomba listi ndio wenye wajibu wa kwanza, na wengi wao wanaomba bila kueleza wanataka kolone zipi, kwa mpangilio upi. Shirika moja linataka jina kwanza, lingine linataka prénom kwanza, la tatu linataka ukubwa wa familia kabla ya umri. Shefu anaandika upya mara tatu, na kila kuandika upya ni mlango wa kosa.

Biro ya meya wa Uvira, pamoja na mashirika ya raia na wale wanaoleta misaada, wanaweza kumaliza hilo kwa mkutano wa siku moja. Wakubaliane juu ya mpangilio mmoja wa kolone kwa kartie zote, tarehe kwa namna moja, herufi za jinsia kwa maana moja, na alama moja ya kutenganisha. Karatasi moja ya maelezo inatosha. Uteremshwe hadi kwa kila avenyu, na shirika lolote litakalokuja lipewe listi kwa mpangilio huo, likitaka mwingine lipange lenyewe.

Masomo nayo yana sehemu. Vijana wa shule za sekondari na wa vyuo vya mji wanaosoma habari za ordinatere wanafundishwa mara nyingi kwenye ubao, kwa sababu mashine ni chache. Wanakariri maana ya maneno, wanapata diploma, na hawajawahi kunyoosha listi moja ya kweli. Terminali inafaa kwao kuliko kitu kingine, kwa sababu mashine moja mbovu inatosha kundi zima, na zoezi liko mlangoni: wachukue hesabu za samaki wa soko, mukeke, sangala na ndagala, siku kwa siku, wazipange. Wachukue mvua. Kituo cha utafiti wa maji, CRH-Uvira, kinafuatilia ziwa tangu vizazi vilivyopita, na kijana aliyezoea kolone anaweza kuelewa kazi hiyo na kuiendeleza. Kijana huyo huyo, siku ya mafuriko, ndiye angekaa kando ya shefu wa avenyu.

Wenye nyumba za kuchapisha na kufotokopi kando ya barabara wanaweza kuanza hata kesho. Mteja analeta listi iliyopinda, wanaichapisha ilivyo, wanapokea pesa yao. Wakijua amri moja tu, wangeirudisha imenyooka kwa bei ileile, na wateja wangeongezeka.

Mwisho kuna wakaaji wenyewe. Mtu akiandikwa, aombe kuona mstari wake. Asiangalie jina tu. Apitishe kidole kutoka kushoto kwenda kulia: jina, postnom, prénom, mwaka, watoto, simu. Kila kitu kiko chini ya kichwa chake? Simu ina tarakimu zote 10? Kama karani anakasirika, akasirike. Dakika moja ya hasira siku ya kuandikwa ni nafuu kuliko siku nzima juani mbele ya meza, na jetoni isiyo na jina.

Mvua zitarudi, Mulongwe itashuka tena kutoka milimani. Kujenga kingo za mto kunahitaji mamilioni ya dola na miaka. Kunyoosha listi kunahitaji alama moja kati ya neno na neno, na mtu mmoja katika kila kartie anayejua kuiambia mashine ifanye kazi yake. Hilo linaweza kuwa tayari kabla ya mafuriko yajayo.